Kwa Mama, Kuhusu Jiko Lisilo na Moshi

Kwako Mama, uliyelala nyumbani Alego,

Mwalimu wetu wa Kiswahili ametupa insha: "Eleza jinsi wakazi wanavyoweza kushirikiana na serikali kuuendeleza mji wao bila kuharibu mazingira." Wenzangu wamemaliza. Mimi nimekaa na karatasi tangu Ijumaa. Kila nikianza sentensi ya kwanza naliona karai lako, na insha haina nafasi ya karai. Kwa hiyo nakuandikia wewe, na Mwalimu akikubali nitaibandika barua hii kwenye ubao wa gazeti la shule. Unajua siwezi kusimama mbele ya watu nikaongea. Kwa maandishi naweza kidogo.

Watakaosoma hawakukujua wote, basi niseme: ulikuwa ukikaanga mgongo wazi Obunga, mtaa wetu hapa Kisumu, kando ya barabara. Viwanda hukata minofu ya sangara na kuiuza ng'ambo. Kinachobaki ni kichwa, mifupa ya mgongo na mkia, na hicho ndicho tunachokula sisi.

Nilipokuwa mdogo nilikaa nyuma yako nikisoma, na moshi wa kuni ulinifuata kila nilikosogea. Ulikaanga, ukakohoa, ukafunga leso upya, ukakaanga. Vitabu vyangu vilinuka samaki hata darasani. Wasichana waliniuliza, "Atieno, leo umeleta kitabu ama umeleta mgongo wazi?" Nilipokusimulia ulicheka mpaka kikohozi kikakushika. "Waambie umeleta yote mbili," ulisema. "Wachague."

Kisha kukawa na ule mkutano kanisani. Watu wa kaunti walikuwepo, na wahandisi wageni kutoka mji wa ng'ambo ambao tuliambiwa ni rafiki wa mji wetu, na nyinyi akina mama wa kikundi cha wakaangaji mmekaa viti vya nyuma. Mpango ulielezwa kwa urahisi. Uchafu wa samaki na gugumaji linaloziba ufuo wetu vingetiwa kwenye tangi kubwa chini ya ardhi, vioze humo, vitoe gesi, na gesi iwashe majiko ya kukaangia. Mitaro ingebaki safi, miti isingekatwa, na vifua vyenu vingepumzika. Kaunti ingetoa kiwanja. Wageni wangeleta tangi na mabomba. Nyinyi mngetoa nguvu zenu, na mngelilisha tangi kila siku.

Mhandisi mmoja akapendekeza choo cha umma nacho kiunganishwe humo humo. Ukasimama, wewe mwenyekiti, ukamwambia kwa upole, "Bwana, wateja wakisikia samaki imekaangwa na choo, hiyo samaki nitakula mimi peke yangu." Hata afisa wa kaunti alicheka mpaka akavua miwani. Choo kikaachwa. Halafu ukadai upande wa barabara usijengwe ukuta, kwa sababu mtu wa Obunga hanunui samaki ambaye hajamwona akichemka kwenye mafuta. Hilo nalo likakubaliwa. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nikawaza kwamba kumbe mji hujengwa hivi, watu wakibishana hadi wakubaliane.

Mlibeba mawe, mkachimba, mkachota maji. Mama Wambui, yule muuza viazi aliyekuja Kisumu kutoka Nyeri akiwa msichana, alichanganya saruji huku akiimba nyimbo za kwao, nanyi mkamtania kwamba ukuta wake utaota viazi. "Ukiota mtanunua," aliwajibu. Tangi mkalipa jina, Tumbo. Asubuhi mlipokutana hamkusalimiana kwanza. Mliulizana, "Tumbo imekula?"

Siku moto ulipowashwa mara ya kwanza ulikuwa wa bluu, umenyooka, bila moshi hata kidogo. Uliinama ukautazama. Ukafuta macho. "Sasa mimi nikitaka kulia nitasingizia nini?" ukauliza. Watu walicheka. Mimi sikuweza, kwa sababu tangu Baba afariki nilikuwa nimekuamini kila uliposema ni moshi.

Jiko lile lilikuja kifua chako kikiwa kimeshaharibika. Daktari alitazama picha ya mapafu yako, akauliza umevuta sigara tangu lini. Hukuwahi kushika sigara. Mwishoni ulikaa kwenye kiti kando ya majiko ukiwaelekeza wenzako kwa kidole, maana pumzi ya kusema haikutosha. Ulituacha mvua za vuli zikianza.

Kikundi kilifunga jiko siku hiyo hiyo. Moto hauwashwi mahali pa kazi pa mwenyekiti ambaye hajazikwa, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Lakini Mjomba, ambaye mazishi yasingefanyika bila yeye, alikuwa mbali, na nyumba yako ya Alego ilitakiwa iezekwe kabla hujarudishwa nyumbani. Kwa hiyo ukangoja mochari wiki baada ya wiki, nasi tukangoja nawe. Aliyekumbuka tangi ni Mama Wambui. Tulikuwa tumekaa matangani, akauliza, "Na ile Tumbo? Nani analisha?"

Mama Mdogo, ndugu yako, akamjibu, "Wambui, hata sisi wenyewe hatujakula."

Watu wakacheka kile kicheko cha matangani, kifupi, na maneno yakaishia hapo. Siku ilipofika kikundi chote kilikusindikiza hadi Alego, Mama Wambui akiwemo, na hawakurudi mjini mpaka mambo yote ya nyumbani yalipokamilika.

Waliporudi walifanya kosa ambalo mpaka leo siwezi kulikasirikia. Unajua kwetu mtu haingii kwa waliofiwa mikono mitupu. Na machoni pao Tumbo lilikuwa limefiwa. Lilikuwa limekaa na njaa muda wote ule kwa ajili yako. Basi kila mama alikuja na ndoo yake imejaa pomoni: matumbo ya samaki, mafuta machafu ya karai, maganda ya viazi, ugali wa jana. Walipanga foleni, wakamimina mmoja baada ya mwingine. Ilipofika zamu ya Mama Mdogo aliweka mkono juu ya mfuniko. "Kula," alisema. "Pole. Mwenyekiti ameenda." Nilikuwepo, Mama. Katika matanga yako yote sikuona heshima kubwa kuliko ile.

Baada ya siku chache tangi likaanza kunuka uchachu. Gesi ilitoka lakini haikushika moto. Kisha haikutoka kabisa. Mwalimu wa Biolojia alinieleza kwamba ndani ya tangi mna vijidudu vya aina mbili. Vingine hutengeneza asidi haraka, vingine huila ile asidi polepole na kuigeuza gesi. Hivi vya polepole vilikuwa vimedhoofika kwa njaa. Chakula chote kile kilipoingia kwa mkupuo, asidi ikavizidi. Mgonjwa aliyekaa siku nyingi bila kula huanzishiwa uji. Sisi tuliliandalia karamu.

Akina mama wakarudi barabarani na kuni zao, wakisema ni kwa muda tu. Halafu yule afisa wa miwani akaitisha mkutano pale pale jikoni. Alisoma ripoti akiwa amesimama. Ilisema wakazi hawakuuchukua mradi kuwa mali yao, kwamba mwenyekiti alipofariki waliutelekeza. Tangi lingetolewa lipelekwe mahali pengine, na kiwanja kipewe kazi nyingine.

Nilimtazama Mama Mdogo. Alikuwa ameinamisha kichwa kama aliyefumaniwa. Na mbele ya miguu yake alikuwa amekaa Adhiambo wetu, kitindamimba wako, ambaye sasa hushinda naye kwenye moshi akitoka shule, kwa sababu nyumbani hakuna wa kukaa naye. Alikuwa anakohoa.

Basi nilisimama, Mama. Mimi.

"Halijafa," nikasema. "Limevimbiwa."

"Yawa!" akasema mtu nyuma. "Mtoto wa mwenyekiti huyo!" Wakacheka, na kicheko chao kikanishika mkono. Nikaeleza kama Mwalimu wa Biolojia alivyonielekeza: chokaa ya kupunguza asidi, samadi mbichi ya ng'ombe yenye vijidudu vipya, na kulisha kidogo kidogo. Nikasema hawakulitelekeza, walilihurumia kupita kiasi. Nilifika mwisho.

Afisa alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. "Umesoma, msichana," alisema. "Lakini wenzetu wageni walishaondoka, na kila mradi una mwisho wake. Siwezi kukuahidi kitu."

"Hatujasema uahidi," Mama Wambui akamwambia. "Tumesema ungoje. Kungoja hata ng'ombe anaweza."

"Jaribuni basi," akasema.

Tulijaribu. Tulipunguza uchafu uliokuwa umechacha, tukatia chokaa, tukasukuma mkokoteni wa samadi kutoka kichinjioni mpaka Obunga watu wakiziba pua. Kila asubuhi kabla ya shule nilimimina chakula cha sufuria ndogo, basi. Mama Mdogo alinung'unika, "Hii ni chakula ya kuku, Atieno. Hata mgeni hapewi kidogo hivi." Lakini hakuongeza. Siku zilipita bila kitu. Kisha asubuhi moja Mama Wambui aliwasha kiberiti kwenye jiko la mwisho, nao moto ukakaa. Ulikuwa mdogo, haukuweza hata kupasha mafuta ya karai. Uliweza chai.

Tulimwita afisa. Alikuja na gari lake kutoka kwake Milimani ikiwa bado mapema, akachuchumaa mbele ya ule moto, akaukaribishia viganja. Adhiambo akampelekea kikombe.

"Ungewaka kabla sijatia sahihi tangi litolewe," alisema.

Alikunywa chai yote, akashukuru, akaondoka. Wiki iliyofuata lori lilikuja na watu wa kuchimba. Walilitoa Tumbo likiwa bado na gesi ndani, wakafungua bomba, wakaiachilia hewani. Mama Mdogo alishika mikono kichwani kama mtu aliyeletewa habari ya kifo. Siku ile mgongo wazi haukukaangwa barabara nzima. Kesho yake ukakaangwa, maana watu wanakula.

Lile shimo sasa limejaa maji ya mvua na mifuko ya plastiki. Nikipita hapo kwenda shule huvuka upande wa pili.

Nasikia mradi kama ule utaanzishwa upande wa Otonglo, na watu wameshaanza kuitwa mikutanoni. Mama Wambui ananiambia twende wote. Nitakwenda. Sina maneno mengi ya kuwaambia. Nataka kusema tu kwamba wanapopanga nani atatoa kiwanja na nani ataleta mabomba, wapange pia siku ya msiba itakuwaje. Mmoja wao abaki nyuma na ndoo ndogo, na asihesabiwe kuwa hana heshima. Wale wahandisi hawakujua kuuliza jambo hilo. Sisi hatukujua kwamba ni jambo la kusemwa. Nadhani insha ya Mwalimu iko hapo, lakini siwezi kuiandika kwa utangulizi, kiini na hitimisho.

Ninachotaka kukwambia hasa ni kuhusu Adhiambo. Wiki iliyopita alikohoa kwa namna yako: mkono kifuani, kisha tabasamu la haraka ili tusimuulize. Ana miaka minane tu. Nilimpeleka kliniki, nikapewa dawa ya maji na kuambiwa nimtoe kwenye moshi. Nikasema sawa. Nimtoe nimpeleke wapi? Jumamosi naenda naye maktaba, na huko hakohoi sana, husoma vitabu vya picha huku akiniuliza kila neno. Siku nyingine zote anarudi kwenye kuni. Mama Mdogo anamgeuzia mgongo upepo unapovuma, anamkinga kwa mwili wake mwenyewe, na sasa yeye pia ameanza.

Nakukumbuka, Mama. Nakukumbuka hata katika mambo ambayo singependa kuyaona tena kwa mtu mwingine.

Pumzika sasa. Wasalimie Baba na Dani, nyanya yetu. Na ukisikia mtoto anakuja upande huo akikohoa, tafadhali usimfungulie, hata akikuita kwa jina. Mwambie arudi, mwambie Atieno bado anahangaika.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,
Atieno