Lori Tupu, Lori la Mzigo

Magogoni, Kisauni
Jumapili, 9 Novemba 2025

Kaka yangu Bakari,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo kaka. Naomba Mungu barua hii ikukute na afya, na wifi yangu Salha hali kadhalika, na Mama awe anakula bila kubembelezwa. Huku kwangu hatujambo. Kifua kilinibana kidogo juma lililopita kwa vumbi la hii barabara wanayoichimba kila mwaka, ila sasa kimetulia, alhamdulillahi.

Najua ukiishika bahasha hii utacheka kwanza. Utamwambia Salha kwamba mdogo wako amesoma mpaka akarudi nyuma, simu anazo mbili na bado anaandika barua, tena kutoka Kisauni kwenda Likoni. Cheka tu. Tangu mwezi uliopita nimekuja kwako mara tatu nikiwa na maneno haya mdomoni, na mara zote tatu nimekula wali wa Salha, nikanawa, nikaaga. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza kwa mzaha, wala mimi siwezi kukimbilia kuuliza habari za kuku wako.

Kadi ya mwaliko unayo. Alhamisi ya tarehe ishirini nitasimama mbele ya chuo kutoa hotuba yangu ya kupokea uprofesa. Salha ameniambia umeshashona kanzu mpya, na kwamba pale msikitini hakuna aliyebaki ambaye hajui kuwa profesa wa faiba ni mdogo wako. Nataka uje, kaka, ukae kiti cha mbele kabisa. Lakini lipo jambo unalopaswa kulijua kabla hujaivaa hiyo kanzu, na ukilijua huenda usitake kuja. Tafadhali isome barua hii mwenyewe, mpaka mwisho.

Wameniomba katika hotuba nieleze nilivyoingia katika fani hii. Nikakaa kuandika, na kila nilipoanza ukatokea wewe. Baba alipofariki mimi nilikuwa kidato cha pili na wewe umeanza mafunzo yako ya umeme. Uliacha yako ili mimi nisiache yangu. Hukunifanya nijue. Ulisema walimu wa kule wanakuchosha, na mimi nikaamini miaka mingi kwamba kaka yangu ni mvivu wa kusoma. Nisamehe na hilo pia.

Halafu ukaja ule mwaka nyaya za baharini zilipofika Mombasa, ukaajiriwa kuchimba mitaro. Mimi nilikuwa likizo, nasoma fizikia niwe mwalimu wa sekondari, mambo yaishie hapo. Siku moja ukarudi na kipande cha faiba, ule uzi wa kioo unaopitisha mwanga, kirefu kama mkono, umekiviringisha ndani ya kofia. Ukakiwekea tochi ya simu upande mmoja, na upande wa pili kikatoa nukta ya mwanga. Ukakipinda, nukta ikabaki palepale. Mama alitufokea kwamba tunaleta vioo ndani ya nyumba watu wanamokaa chini, na alifokea kwa haki, maana kijipande kilinichoma kidoleni akakitafuta kwa sindano mpaka adhuhuri asikione. Nikakuuliza mwanga unajuaje kupita kona. Ukasema hujui, utamwuliza injinia. Kesho yake ukaja na nusu ya jibu, ukanichorea kwa mkaa sakafuni. Mimi nikaenda kuitafuta nusu iliyobaki. Hiyo ndiyo kazi yangu mpaka leo, kaka, hata wakiiita kwa majina marefu.

Nikamaliza digri, nikafanya uzamili, nikapata nafasi ya uzamivu Afrika Kusini. Na wewe hukukaa mtaroni. Ulijifunza kuunga faiba, kazi ya kuunganisha nyuzi mbili nyembamba kuliko unywele mpaka mwanga upite kama hapakukatwa kitu. Nilikuwa nikiwatambia wenzangu kule kwamba nina kaka ambaye kiungo chake hakipotezi mwanga. Ulikuwa ukinipigia Ijumaa baada ya swala, ukiniita Kitunguu mbele ya mafundi wenzako, eti Mwanasaumu ni refu mno kwa vocha ya simu. Nilikuwa nikikasirika na nikiingoja Ijumaa hiyohiyo.

Mwaka 2016 nilirudi kwa miezi sita kukusanya vipimo vya tasnifu. Unakumbuka nilivyokuwa. Vipimo havikunipa kitu, profesa wangu ananiandikia kila juma kuuliza, nami nikaja nikalia jikoni kwa Salha kama mtoto. Ukaniambia nikajipanguse, kesho twende Chaani, kuna kitu unataka nikione.

Kule Chaani ukanipeleka kwenye kiungo chako kilichokuwa kinakutia aibu kazini. Mwanga wake ulikuwa unatetemeka kwenye mashine ya kupimia, na msimamizi wako alisema umekiunga vibaya. Ulikuwa umekiunga upya mara tatu, bado kinatetemeka. Mtu mwingine angelaumu mashine. Wewe ulikaa hapo siku nne, saa za chakula, ukaandika kwenye daftari kila mara mwanga ulipotetemeka na kilichokuwa kinapita barabarani. Kisha mbele yangu ukaipa barabara mgongo, ukatazama kioo cha mashine peke yake, ukaanza kunitajia: hili lori lina mzigo, hili tupu, hili lina mzigo. Mimi nikawa nakwenda kumwuliza karani wa lango la yadi ya kontena. Kati ya malori ishirini ulikosea moja, na hilo moja lilikuwa limebeba magodoro.

Ukaniambia kiungo hakina ubovu, ni kwamba faiba inasikia ardhi. Ndivyo ulivyosema. Ukanipa na daftari, ukasema labda litanisaidia.

Kaka, lilinisaidia. Tasnifu yangu yote ilisimama juu ya hilo. Niliongeza hesabu, nikaongeza vipimo vya miezi, nikaeleza kwa nini inakuwa hivyo, na hiyo kazi ni yangu kweli na nimeitolea jasho. Kutokana nayo leo watu wanatumia nyaya zilizokwisha kuzikwa kujua daraja linachoka wapi na bomba la maji linavuja wapi. Lakini wa kwanza kuona ni wewe. Na katika andiko langu la kwanza, lile lililonipa jina, hili linalonipa uprofesa, nimeandika hivi: ilionekana kwamba mtetemo wa lori lenye mzigo ni tofauti na wa lori tupu. Ilionekana. Hivyo ndivyo wataalamu wanavyoandika, hakuna aliyenikemea. Neno moja, halina mtu ndani yake. Jina lako halimo popote, hata kwenye shukrani za mwisho, ambako nimemshukuru mpaka mlinzi wa maabara.

Kama ingekuwa hilo tu ningekuja nikakwambia kwa mdomo, ukanitania, yakaisha. Kubwa ni hili linalofuata.

Miezi michache baadaye ulinipigia nikiwa Afrika Kusini, ukaniambia wamekutoa kwenye kuunga na kukuweka stoo, kwa sababu viungo vyako havitulii. Ulisema ni sawa, hata magoti yalikuwa yamechoka kuchuchumaa. Kaka, siku hiyo nilikuwa na ushahidi kwenye droo yangu. Ukurasa mmoja kwa waajiri wako ungetosha kuwaambia kwamba kiungo ni kizima na kinachotetemeka ni ardhi. Niliuanza. Nikafika mahali pa kueleza ni lini jambo hili lilionwa na nani, nikaacha kalamu. Andiko lilikuwa bado halijatoka. Niliogopa watahini watasema kazi ni ya fundi, mimi nimeinakili tu. Nikajiambia nitauandika likishatoka. Likatoka, likasifiwa, na hapo nikaona aibu kueleza kwa nini nilichelewa. Ukakaa stoo miaka minne ukigawa glovu na helmeti, wewe mwenye mikono ile, mpaka walipopunguza wafanyakazi ukatoka. Na kila nilipokuja ulinikaribisha kwa furaha, na mimi nilikuwa najua.

Sikuungama kwa wema wangu, usinipe sifa hiyo. Nina mwanafunzi wa uzamivu anaitwa Nduku, binti makini sana. Mwezi uliopita aliniletea sura ya tasnifu yake, na katikati ameandika ilionekana kwamba waya hupoteza mwanga zaidi maji yakijaa. Nikamwuliza nani aliona. Akajibu ni fundi mmoja wa Changamwe. Nikamwuliza mbona hakumtaja. Akanitazama kwa adabu zote akasema amefuata mtindo wa andiko langu.

Nilimwambia akamtafute fundi huyo, apate jina lake kamili. Alipotoka nilifunga mlango nikalia. Nilimkumbuka Baba katika chuo chake cha Kurani, mtoto akileta neno lolote, hata kama ni habari tu ya samaki kufika sokoni, yeye Maalim Matano anamwuliza amepokea kwa nani, na huyo naye amepokea kwa nani, mpaka wa mwanzo. Hakukubali habari isiyo na mwenyewe. Nimewafundisha watoto wa watu miaka minane, na hilo nililolelewa nalo sikuwafundisha.

Sasa nikueleze nilichofanya. Nimewaandikia wenye jarida lililotoa andiko langu nikawaambia ukweli wote. Nimemwambia Dorothy, mkuu wetu wa idara, naye akasema baraza la chuo litataka kulitazama upya jambo langu, na hawezi kuniahidi kitu. Nimewaandikia pia waliokuwa waajiri wako. Nakala imo ndani ya bahasha. Imechelewa na haikurudishii kitu, lakini imeandikwa wazi kwamba viungo vya Bakari Matano vilikuwa vizima.

Karatasi ya pili humo ni fomu ya jarida. Wako tayari kulirekebisha andiko na kukuweka mwandishi wa kwanza, mimi wa pili, ila wanataka sahihi yako. Nimejaza palipobaki. Walipouliza taasisi yako nilikaa na kalamu muda mrefu, kisha nikaandika fundi wa faiba, Likoni. Sahihi yako ikikosekana nimewaambia waliondoe andiko zima, na uprofesa ukiondoka nalo, uondoke. Alhamisi, ikiwa bado nitaruhusiwa kusimama pale, nitayasema haya haya ukumbini, uwepo usiwepo.

Najua tabia yako. Utataka kutia sahihi hapo hapo, hata kabla ya kukasirika, ili mdogo wako asiharibikiwe. Nakuomba usifanye hivyo. Umeacha vyako kwa ajili yangu mara nyingi bila kuniambia, na hii moja sitaki uniachie. Kasirika kwanza, kaka. Kaa na hasira yako siku unazotaka. Halafu, kama ni kweli kwamba uliona wewe, tia sahihi kwa sababu ni kweli. Mimi sikuona. Nilionyeshwa.

Nakupenda, kaka. Sijawahi kukwambia, kwetu hatusemi, lakini safari hii nimeona niliandike.

Nifikishie salamu kwa wifi Salha, umwambie ile achari yake imeisha. Mwambie Mama nimemnunulia leso mbili, moja ya kuvaa na moja ya kumtuza yeyote atakaye, kama kawaida yake. Jumamosi ni zamu yangu kumpeleka kliniki, nitafika saa mbili asubuhi inshallah. Ikiwa hutaki kuniona, usijilazimishe kutoka wala kunisalimu. Mwambie Salha amtoe mpaka barazani, nami nitamsubiri kule nje.

Wassalaam,

mdogo wako,
Mwanasaumu