Joka la Juu ya Kioo

Mjukuu wangu Neema, marahaba.

Kosa la wengi ni kulikodolea macho joka lile uliloniuliza. Huku Mponde tu wazima, na chai imechipua vizuri. Mtihani unakutisha, ndiyo maana umeuliza nililishindaje joka la ule mchezo wa mashine pale Lushoto. Joka lilikaa juu ya kioo, mishale ikishuka, nami chini nikimwendesha farasi wangu na kulifyatulia. Siku hiyo mashine ilikuwa inarudishwa Tanga jioni, nami nimebakiwa na uhai mmoja wa mchezo. Dada yangu Ana, mchuma chai, akanipigia kelele: "We Stella, kwani chai unachuma mlima mzima kwa mara moja? Tazama mishale iliyo karibu na farasi wako!"

Nikaacha kutazama juu. Nikakwepa mshale uliokuwa karibu, kisha uliofuata, huku nikifyatua, mpaka joka likaanguka. Namshukuru Ana hadi leo.

Leo fanya swali la kwanza tu.

Bibi yako