Sharti la Mwezi wa Nne

Jumatatu, 5 Machi 2001

Nimewaficha watu mambo mawili. La kwanza: nakufa. Daktari alishasema ini langu limechoka. Nyumbani nikasema ni vidonda vya tumbo. La pili: nasoma kompyuta. Hili la pili ndilo litakalowashtua.

Darasa liko Bondeni, nyuma ya duka la vitenge la Muksini. Kompyuta ni kuukuu, zinanguruma kama mashine ya kukoboa mpunga. Wenzangu ni vijana waliomaliza kidato cha nne. Mimi ni hakimu mstaafu mwenye fimbo. Mwalimu ni Glory, binti wa Moshi. Siku ya kwanza aliniuliza, "Shikamoo mzee, umekuja kumwandikisha mjukuu?"

Nikasema mjukuu ndiye huyu.

Alhamisi, 8 Machi

Leo alama. > ni kubwa kuliko. < ni ndogo kuliko. <> ni si sawa na — inafanana na uru kwenye karata. Kisha NA na AU. Mashine inazijua kwa Kiingereza, AND na OR, lakini Glory anatueleza kwa Kiswahili. NA inataka pande zote mbili ziwe kweli. "AU haina makuu," akasema. "Ipe kweli moja tu, inaridhika."

Kijana wa nyuma akabisha. Mkahawani ukiulizwa wali au ugali, huletewi vyote!

"Kwenye kompyuta unaletewa," Glory akamjibu. Darasa likashangilia.

Katika sheria nako ni vivyo hivyo. Kuna watu niliwafunga kwa neno "au".

Jumanne, 13 Machi

Siri ya pili imetoka. Muksini amekutana na mke wangu sokoni: "Mama, hongera, mheshimiwa anakwenda vizuri darasani!" Angetile amerudi na fungu la usipa, dagaa wa ziwani, na hasira.

"Hakimu, unasoma nini wewe?" Akiniita Hakimu najua nimeshtakiwa.

"Kompyuta."

"Ili iweje?"

Nikaegemeza fimbo ukutani.

"Kyala!" — ndiye Mungu, kwa Kinyakyusa chao. "Wenzako wa umri huu wanatafuta sanda, wewe unatafuta cheti!"

Nikatazama usipa.

Jumapili, 18 Machi

Anord amepiga simu dukani kwa Muksini. Ni mdogo wangu, yuko kwetu Litembo, milimani Umatengo, ng'ambo ya ziwa. Ubishi ule ule: nitazikwa wapi. Anord amenitunzia nafasi kando ya baba na mama. Ameizungushia kahawa. Angetile anataka huku Kyela, Ndandalo, shambani kwao.

Krismasi tulipatana. Ndandalo sawa, isipokuwa Aprili na Mei. Miezi hiyo makaburi ya huku hujaa maji. Anord alishahudhuria msiba hapa akaona jeneza linaelea, wanaume wanalikandamiza kwa miti. Hajasahau.

Sasa anadai Angetile anageuza maneno. Angetile anadai Anord ndiye mgeuzaji.

"Kaka, Muksini ameniambia unasoma kompyuta. Sharti letu liandike humo. Mashine haina shemeji."

Angetile alikuwa pembeni ya simu. "Aandike!" akasema. Tangu Krismasi, hawajawahi kukubaliana jambo jingine.

Jumatano, 21 Machi

Nimeandika.

IF MWEZI <> 4 OR MWEZI <> 5 THEN
PRINT "KYELA"
ELSE
PRINT "LITEMBO"

Yaani: kama mwezi si wa nne au si wa tano, Kyela. Vinginevyo, Litembo. Nimemsomea Angetile kwa sauti. Amesema ndivyo tulivyopatana. Nimemsomea Anord kwa simu. Naye: ndivyo.

Mara ya kwanza vidole viliteleza, nikaandika KYALA. Nimemsimulia Angetile.

"Ungeiacha hivyo hivyo," amesema. "Huko ndiko unakokwenda miezi yote."

Ijumaa, 30 Machi

Glory amekagua. Akabonyeza 3 — KYELA. 7 — KYELA. 4 — KYELA. 5 — KYELA.

"Mzee, umeona?"

"Naona."

"Mwezi wa nne si wa tano, sivyo? Basi upande mmoja tayari ni kweli, AU imeridhika. Mwezi wa tano nao si wa nne. Ni yale yale. Ukiandika hivi, Litembo hufiki hata uishi miaka mia. Hapa ilitakiwa NA."

Nikasema ni kosa la mwanafunzi. Nitasahihisha Jumatatu.

Jumatatu, 2 Aprili

Mvua. Umeme hakuna. Sikusahihisha.

Jumatano, 4 Aprili

Umeme upo. Sikwenda.

Angetile amenishika kidevu, akanigeuzia dirishani. "Hakimu, vidonda vya tumbo haviingii machoni. Macho yako ni ya manjano."

Nikamwambia. Hakulia. Alitoka akafua shuka ambalo halikuwa chafu, mvua ikinyesha. Aliporudi akaniuliza huu ni mwezi wa ngapi. Anaujua.

"Wa nne."

"Basi tutaagana Itungi bandarini," akasema.

Hajawahi kupanda meli na hatapanda. Ziwa analiogopa tangu utoto. Litembo hatakuja kunipalilia.

Sikumwambia habari ya AU.

Jumamosi, 7 Aprili

Anord ameshuka Itungi leo. Angetile ndiye aliyempigia simu. Alisema neno ni neno, walipatana.

Amekonda. Ameniletea kahawa, amekaanga mwenyewe. "Ya pale pale kwenye nafasi yako, kaka. Udongo mkavu, unajua mwenyewe." Tukanywa wote watatu. Ni nzuri sana. Ningependa iwe mbaya.

Anataka nirudi naye meli ikigeuza, ningali napumua. Anasema maiti ina usumbufu melini.

"Na yeye bado hajawa maiti, shemeji," Angetile akasema.

"Ndiyo maana nimekuja mapema, shemeji."

Lakini kwanza, amesema Anord, twende tukaulize mashine, ili siku za mbele asije mtu akamwambia alimwiba kaka yake.

Jumatatu, 9 Aprili

Tumekwenda. Walinipakia kwenye baiskeli, Anord akisukuma, Angetile akinishika mgongoni. Matope hadi kwenye mnyororo. Muksini alinipokea mlangoni kama bwana harusi.

Anord alikaa mbele ya kompyuta, akavua kofia. Akabonyeza 4 kwa kidole kimoja.

KYELA.

Akabonyeza tena, safari hii kwa nguvu. KYELA. Angetile akaziba mdomo kwa khanga.

"Mwalimu," Anord akauliza, "hii mashine ni nzima?"

Glory akanitazama. Hakuwa na haraka.

"Mashine ni nzima," akasema. "Hilo sharti muulizeni aliyeliandika."

Wote wakanigeukia. Nikakohoa. Kikohozi kilikuwa cha kweli, lakini nilikirefusha.

Sasa wamenilaza nyumbani. Angetile anachambua mchele kwenye ungo, ameshauchambua, anaurudia. Anord amekaa mlangoni, amenipa mgongo, anatazama mvua. Amesema maneno machache tu: "Kama umekosea, kaka, sema umekosea, tuondoke. Meli ni kesho." Na baadaye, taratibu: "Pale kwa mama nimeshapalilia."

Ananisubiri nimalize kuandika. Anadhani naandika wosia.

Hata humu, ambamo hasomi mtu, niliandika "kosa la mwanafunzi". Mimi! Nimekula mshahara wa serikali maisha yangu yote kwa kujua tofauti ya "na" na "au". Sikukosea. Niliweka AU nikiwa na akili zangu. Kando ya mama sitaki, Anord. Nataka Ndandalo, maji yajae au yasijae.