Fimbo Haikuvunjika

Likombe, Mtwara

Dada yangu mpendwa Doris,

Shikamoo. Mguu umepoa? Shemeji na kuku wake wazima? Mimi nimenawiri hadi watu wa Chikongola wanadhani nimekuwa diwani. Usishangae mwandiko huu unaotambaa kama kaa. Barua zote ulizozisifu aliandika mwanao Faraja, mimi nikizungukazunguka namtajia maneno kama waziri.

Ulinzi wa shule niliumudu. Mtu niliyefika hadi Beira, geti lingenishinda? Mwalimu Andrea wa nidhamu alisema mchonga fimbo kama mimi hajazaliwa Mtwara nzima. Nilikuwa nakata mpera, naloweka kwenye maji ya chumvi siku tatu. Hazivunjiki, dada. Nilijisifu sana.

Jumatatu ile Andrea aliwalaza chini waliochelewa. Binti mdogo, Saba, mjukuu wa mzee Hussainali mwenye duka, alichapwa mgongoni hadi shati likaloa damu, na huku anaambiwa asilie. Mimi getini nikawatania wauza mihogo kwamba leo mpera unaongea. Mara Faraja akatoka mstarini, akamfunika mwenzake, mkono wa kulia juu. Andrea akaupiga mkono uleule. Mara ya tatu nikasikia kitu kimekatika, nikafikiri fimbo.

Fimbo haikuvunjika.

Nilipofika bado anapiga. Nilimkaba, tukaangushana mchangani. Yeye jino lilitoka, mimi sikio lina nyuzi nne. Mkuu wa shule akaniita ofisini, akaniambia niseme mtoto kaanguka ngazini, la sivyo kazi sina. Dada, nilikubali. Ndiyo habari niliyokupa kwenye simu. Nilikudanganya.

Juzi nilishindwa kuvumilia. Nikabeba fungu zima la fimbo hadi polisi, dawati la watoto. Askari akauliza nauza bei gani. Nikamjibu siuzi, nimekuja kusema: nimezichonga mimi, na moja imemvunja mkono mtoto wetu. Andrea kasimamishwa. Mimi nimefukuzwa. Fimbo shuleni hakuna, nimechungulia hata darini.

Faraja nilimwambia mwenyewe nani alichonga. Aligeukia ukutani kutwa. Jioni akasema mjomba, safari hii mama utamwandikia mwenyewe, sikusaidii hata nukta.

Basi ndiyo hii. Msalimie shemeji, na Saba anakusalimia sana. Huja kila siku kumsuka Faraja nywele. Njoo, dada. Nigombeze, nipige ukitaka, ila njoo.

Mdogo wako,
Dickson, kwa mkono wangu