Kaka, Gari Lilikataa Kuua

Kaka Sefu,

Huu ni mwaka wa sita tangu wakuue pale Msimbazi, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Leo nakuandikia hadharani, anayetaka asome, kwa sababu wiki iliyopita na mimi nilitaka kuua mtu, mtaa uleule, nikiwa kwenye usukani.

Ulinifundisha udereva kwa ukali. Jumapili asubuhi, maduka ya Kariakoo yakiwa bado yamefungwa, ulikuwa unanipandisha kwenye ile pikapu yako ndogo nyeupe na kuniambia, "Zima redio. Sikiliza injini, yenyewe itakwambia inataka gia gani." Nikikosea klachi gari likaruka, kofi la kisogo lilitua kabla sijaomba radhi. Nililia, nikakutukana moyoni. Halafu siku moja, Mtaa wa Narung'ombe, nikaingiza gia ya tatu laini kabisa, nikahisi gari limekuwa mwili wangu. Ulicheka mpaka ukapiga ngumi dashibodi. "Umeipata! Umeipata, mwanaharamu wewe!" Sijawahi kupewa sifa nzuri kuliko hiyo.

Siku waliyokuua nilikaa pembeni yako, nyuma tumebeba majora ya vitenge. Ulikuwa unakimbiza, kaka. Lazima niseme. Ulipenda kupenya pasipopenyeka, na mimi nilipenda kukuona ukipenya. Mzee mmoja msukuma mkokoteni aliingia barabarani akikwepa bodaboda. Nikasikia kishindo, mbao na mifupa kwa mpigo mmoja. Nikapiga kelele, "Kanyaga mafuta! Twende, watatuua!"

Wewe ukazima gari. Ukashuka, ukapiga magoti, ukamwinua kichwa ukimwita, "Baba. Baba, nisikie."

Tofali la kwanza lilikupata mgongoni. Kisha umati ukaja na mateke, na mawe, na mbao za mkokoteni uleule. Mimi nilivutwa nywele nikatupwa mtaroni. Nilipoinua uso, jicho lako moja lilikuwa linanitafuta, jingine limezibwa na damu. Muda wote ule haukutosha hata kushusha mzigo wa pikapu. Wewe na yule mzee mlikata roho mkiwa mmeachana hatua mbili.

Na nyuma yetu, kwenye pikapu yake, alikuwa Mudi. Mudi wa kijiweni, dereva mwenzako mliyekula naye sahani moja miaka yote. Alipandisha vioo, akafunga milango, akaangalia. Nilimwona. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwua kila ninapomkumbuka.

Nisikufiche, udereva sikuuacha. Sasa namwendeshea Bwana Kirit, mfanyabiashara wa Upanga anayeleta magari kutoka nje. Mwezi uliopita alileta moja la umeme, linalojiendesha. Kazi yangu ikawa kukaa kwenye kiti cha dereva, mikono mapajani, wateja waone usukani unavyojizungusha. "Mwajuma, wewe kaa tu," aliniambia. "Likishindwa ndiyo ushike."

Kaka, ungelichukia. Halina gia, halingurumi. Mafundi wa Ilala tuliowapelekea pikapu hawana cha kulifungulia, kwa sababu likiumwa linapelekewa kompyuta. Nilikaa pale kama abiria aliyevaa leseni. Kila lilipokata kona vizuri kuliko mimi, nilihisi wivu, wivu wa kijinga wa kuibiwa kitu mbele ya macho yangu na kuambiwa nipige makofi.

Wiki iliyopita mteja mmoja, mama mwenye maduka ya vitambaa, akataka kuliona likipita Kariakoo mchana. Alikuwa anafikiria kununua matano ya kusambazia mizigo, aachane na madereva. Bosi akakubali. Tukaingia Msimbazi, yeye pembeni yangu, mama nyuma.

Gari likawa na adabu za ajabu. Mtu akikatiza, linasimama. Kuku wa tenga akidondoka, linasimama. Nyuma yetu foleni ikafunga, honi zikapasua masikio. Tulipofika usawa wa kijiwe cha pikapu, dereva mmoja akachungulia, akapayuka, "Oyaa! Huyu dada hashiki hata usukani! Ndiyo haya wanayotuletea tukose kula!"

Wakatuzunguka. Wa kwanza akapiga boneti kwa kiganja. Wa pili akapiga kwa jiwe. Kioo cha pembeni kikamwagikia mapajani mwa bosi, na jiwe jingine likampasua paji la uso. Mama wa vitambaa alikuwa chini ya kiti akiita Mungu. Gari, kwa kuwa kulikuwa na watu mbele, lilitulia kimya na kupigwa.

"Liondoe! Mwajuma, liondoe!" bosi alipiga kelele.

Nikashika usukani. Nikainua macho. Mbele ya boneti, nondo mkononi, alikuwa Mudi.

Sitasema nilichanganyikiwa. Akili yangu haijawahi kutulia kama ilivyotulia pale. Nilimlenga. Nilikanyaga mafuta mpaka sakafuni, kwa miaka yote sita, nikisubiri kuusikia tena ule mlio wa mifupa, safari hii niufurahie.

Gari halikusogea. Likalia mlio mdogo, kwenye skrini kikatokea kichoro chekundu cha mtu. Nikakanyaga tena. Likakataa tena.

Mudi aliniangalia usoni, akanitambua. Aliona nilivyojisukuma kwenye kiti, akaelewa nilichokuwa nafanya na mguu. Nondo ikamponyoka.

"Mwajuma," alisema, "ungeniua."

"Ndiyo, kaka Mudi," nilimjibu kupitia kioo kilichovunjika. "Mara mbili."

Polisi walifika, wengine wakakimbia. Yeye hakukimbia. Alikaa kwenye ukingo wa barabara mpaka wakamfunga pingu, na yuko ndani hadi leo kwa kosa la kuvunja gari na kujeruhi mtu, ingawa jiwe lililompasua bosi hakulirusha yeye.

Bosi alishonwa nyuzi saba. Jana aliniita ofisini, akageuza kompyuta niione. Gari lilikuwa limeandika kila kitu: dakika, mtu mbele, mguu wa dereva hadi mwisho. Mara mbili.

"Hii tunaijua mimi na wewe," alisema taratibu. "Polisi wanamtaka mtu mmoja, wameshampata. Nenda nyumbani, upumzike."

Nimepumzika, kaka, na sikulala. Ninaogopa mguu wangu wa kulia. Hicho chuma kisicho na moyo kilinizuia nisiwe kama wale waliokuua, na bado sikipendi, na bado nakishukuru, na sijui niviweke wapi vitu hivyo viwili. Mudi naye sijamsamehe. Lakini siwezi kumwacha alale sakafuni kana kwamba mkosaji pale alikuwa mmoja.

Leo asubuhi nimeandika maelezo yangu kwa mkono. Nikimaliza barua hii nayapeleka kituoni, pamoja na leseni yangu. Yana sentensi mbili tu: Dereva alikanyaga kwa makusudi. Gari lilikataa.

Lala salama kaka, mimi natoka.

Mdogo wako,
Mwajuma