Baba Veronika, Kaijage Naye Amepooza

Baba Veronika,

Ninayesema ni mimi, anayeandika ni binti yako. Nimemkataza kupamba. Nasema Kinyambo, yeye anageuza Kiswahili, maana Kiswahili ulikipenda mwenyewe, ukakileta kutoka Bukoba enzi zile za kupeleka kahawa kichwani. Siku hizi hakuna anayebeba. Lori linafika mpaka hapa kwetu Kanoni. Ungeliona ungelitukana kwanza, kisha ungelipanda.

Migomba iliyokuzunguka inazaa vizuri. Nimekutandazia nyasi mpya juu ya kaburi. Veronika amejifungua mtoto wa kike. Ana masikio yako, maskini.

Lakini si hayo yaliyonileta. Mdogo wako Kaijage ameanguka. Aliamka asubuhi kwenda kufungua mbuzi, mkono wa kushoto ukakataa, mguu ukafuata, mdomo ukaenda upande. Ni ugonjwa ule ule uliokupiga wewe. Mkewe alikuja akapiga magoti mlangoni kwangu: "Mama Veronika, njoo umsimamishe kama ulivyomsimamisha shemeji." Leo ni siku ya tatu na sijaenda.

Watu wanasema nina kinyongo. Siku tulipokuzika, Kaijage alisimama mbele ya wote akasema, "Kaka yangu hakuuawa na ugonjwa. Ameuawa na kutembezwa." Mimi mwenye mdomo huu sikumjibu. Walishangaa. Nilinyamaza kwa sababu sikujua kama alikuwa anasema uongo.

Unakumbuka ulivyopooza mwanzoni, walivyokupenda kupita kiasi? Machela kwenda kanisani, machela kwenda barazani, machela hata kwenda nyuma ya nyumba kujisaidia. Wanaume wanne, Kaijage mbele, wanakutania kwamba umekuwa mtemi. Mguu wako ukakonda ukawa kama mpini wa jembe. Nilikuwa nakuosha na kuuona unavyokwisha, nikasema moyoni, hawa wanambeba mpaka kaburini kwa mapenzi.

Ndipo nikafanya ile aibu. Ndizi za pombe ya rubisi zilikuwa zimeiva, mtumbwi wa kuzikanyagia kwa miguu uko tayari uani, wanaume wanangoja. Nikapandisha nguo mpaka magotini, nikasema kwa sauti ikufikie kitandani, "Mwenye nyumba hakanyagi? Basi nakanyaga mimi." Wote wakaruka. Mwanamke avunje mwiko atie mguu mle, nani atakunywa? Nawe ukafoka huko ndani, maneno yako bado mazito mdomoni: "Hapa nani alimwoa mwenzake?" Nikakujibu, "Njoo utuonyeshe."

Ulikuja kwa makalio, Baba Veronika. Ulijiburuta mpaka uani. Kaijage akakuingiza kwenye mtumbwi, akakushika kwapani, huku analia na kunitukana kwa pamoja. Mguu mzima ulianza. Ule mwingine ukawa unaburutwa tu kwenye ndizi na nyasi, unateleza, unaburutwa. Jua lilipofika utosini, nao ukakanyaga. Niliuona mimi mwenyewe. Rubisi ya siku ile ilikuwa mbaya, imejaa nyasi, na waliinywa yote.

Baada ya hapo ikawa kila asubuhi. Kutoka mlangoni mpaka mgomba wa kwanza. Kisha mpaka kwenye mibuni. Kisha mpaka kwa jirani, ambako ulijifanya umekwenda kusalimia, kumbe ulikuwa huna pumzi ya kurudi. Mimi niko upande wako mbovu nimeshika mkanda, wewe unaniita askari. Mwaka mzima. Mpaka ukaingia kanisani kwa miguu yako na fimbo, ukakaa na wanaume wenzako, ukakataa hata kunitazama kwa majivuno.

Kisha ile Jumapili. Tunarudi, tumefika kwenye mteremko, ukasimama. Ukasema, "Nimechoka, Mama Veronika. Waite vijana walete machela." Nami nikasema, "Kuchoka siyo kufa. Tembea."

Ukatembea. Ukafika nyumbani, ukakaa mlangoni, ukaomba maji. Niliporudi na kibuyu ulikuwa umekwenda.

Mganga wa misheni aliniambia ugonjwa huu hurudi wenyewe, hauulizi mtu ametembea au amelala. Nilimsikia. Lakini yeye hakuwapo pale mteremkoni. Nilikuwapo mimi.

Siku hizi tatu nimekaa nikipalilia mahali pamoja mpaka Veronika akanipokonya jembe. Nimefikiri hivi. Kutembea hakukuwa kosa. Mwaka ule uliikagua kahawa yako, ukamgombeza aliyekata matawi vibaya, ukawa mume wangu tena, si mzigo wa watu wanne. Kwa hilo sitaomba radhi, hata Kaijage akisimama kaburini mara kumi. Kosa langu ni lingine. Mwaka mzima hukuwahi kusema umechoka. Ulikuwa unanitukana, ulikuwa unadanganya, lakini hukuwahi kusema hivyo. Siku uliyosema, sikukusikia. Nilisikia uvivu kwa sababu nilishazoea kukushinda.

Hapo nilikukosea. Nisamehe.

Veronika ameacha kuandika, analia. Nimemwambia afute pua, aendelee.

Kesho asubuhi nakwenda kwa mdogo wako. Atanifukuza. Anifukuze, mdomo uliopinda unahitaji mazoezi pia. Nitamshika mkanda kama nilivyokushika wewe, nitamsema, nitamtoa kitandani kwake. Machela nitaitundika juu darini, lakini sitaichoma. Na nitabeba kigoda. Akisema amechoka, nitakiweka chini hapo hapo, hata kama ni hatua mbili kutoka mlangoni, naye atakaa, nami nitakaa kwenye nyasi kando yake bila kufungua mdomo. Unajua hilo litanigharimu.

Tutainuka atakaposema yeye. Nakuahidi, mume wangu. Lala sasa.