Feni Inayovuja Maji

Jumatatu, 4 Agosti

Nimejaza rejeta tena, asubuhi na jioni. Nikiwasha trekta la marehemu baba, maji yananirukia usoni kutoka kwenye feni. Nikizima, kukavu. Feni ni chuma kitupu. Maji yanatoka wapi? Sielewi.

Arobaini ya baba ni Jumapili. Baba mkubwa amesema wazi: likizunguka kiwanja bila kumwaga maji, linabaki kwangu, nivute nalo tela la maji kama baba alivyofanya hapa Tegeta miaka yote. Likishindwa, linakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mama anasema hata Jumapili wasisubiri. Yuko eda, hatoki nje ya geti, na dirisha linalotazama trekta amelishushia pazia. Trekta limemkosea nini?

Jumanne, 5 Agosti

Fundi Masanja amekuja. Amesema rejeta. Ameifungua, ameipima, haina hata tundu. Basi ni mkanda. Ameukaza mkanda, maji yakazidi. Akajikuna kichwa. Nikajikuna na mimi.

Jumatano, 6 Agosti

Leo fundi ameamua ni feni yenyewe. Tangu lini pangaboi likavuja? Lakini mimi karani wa shule, najua nini. Alipoichomoa, nyuma yake kulikuwa na nati kubwa, na ndani ya nati kitu cheusi kama kamba, kimezungushwa kwenye chuma na kuganda grisi.

"Sista, mzee alikuwa anaweka uchafu gani humu?"

Ameutoa wote, akautupa uani. Amesafisha, amerudisha feni. Tukawasha. Sasa haivuji, inamwaga. Fundi ameondoka akisema mashine za kizee zina mambo yake. Nina hasira naye. Na mimi mwenyewe zaidi, maana nilimshikia spana.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimemuuliza mama kwa nini analichukia trekta. Alisukuma kikombe cha chai pembeni.

"Mie napikia gesi tangu hujamaliza shule. Baba yako kila nikifua suruali, nakuta tambi za jiko la mafuta ya taa mfukoni. Mpya. Nazichukua, analeta nyingine, anapanda trekta lake huyoo. Sasa hilo jiko liko nyumba gani, mwanangu?"

Hakuwahi kumuuliza. Alinuna, akapika, akafua, akamzika.

Baba? Baba aliyesinzia kabla taarifa ya habari haijaanza? Naona aibu hata kuwaza. Kazini nimeandika majina ya watoto mahali pasipo pao, mwalimu mkuu akaniuliza kama naumwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya wakulima, trekta letu limelala. Nimefagia uani. Kuku walikuwa wanagombania kitu, nikadhani jongoo. Ni ule uchafu wa fundi. Sijui kwa nini niliuosha. Nimeusugua na petroli mpaka weusi ukatoka. Umefumwa. Una mstari mwekundu pembeni.

Utambi wa jiko.

Nilikaa palepale mchangani. Nimecheka, nimelia, sijui nilianza na kipi. Kumbe ile nati nyuma ya feni ni ya pampu ya maji ya kupoza injini, na mzee wa watu alikuwa anaiziba kwa utambi na grisi. Ukichakaa, anaweka mwingine.

Nimeuweka kwenye kisosi, nikampelekea mama. Nimemweleza mara mbili. Ameugeuzageuza, akaingia nao chumbani.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi mama amefungua sanduku lake, akatoa fundo la khanga. Ndani tambi. Zote alizomchomolea mfukoni. Alikuwa anaziweka kwa siku atakapokuja kushtaki kwa wazee.

Hakuniangalia. Alizipaka grisi mwenyewe, mimi nikazungusha na kukaza nati. Mkanda alioukaza fundi nimeulegeza kidogo. Nikawasha. Hata tone. Nimezunguka kiwanja mara tano, bado siamini.

Jumapili, 10 Agosti

Hitima imesomwa. Baba mkubwa aliinama mbele ya feni na kanzu yake nyeupe, kanzu ikabaki nyeupe. Trekta linabaki.

Wageni walipoondoka, mama aliniomba niliwashe tena. Pazia limepandishwa. Alisimama kibarazani, upepo wa feni ukimpiga usoni. Nilipozima aliuliza kama baba aliwahi kulalamika juu ya tambi zilizokuwa zinapotea.

Nimemwambia hapana. Alikuwa ananunua nyingine tu.